Krapf na lugha isiyouliza mume wala mke

JUNI 8, 1844, mgeni kutoka Ujerumani aliketi na kadhi wa Mombasa, Sheikh Ali bin Muhyiddin, wakaanza kukitafsiri Kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Mgeni huyo alikuwa amehamia mjini mwezi uliotangulia tu. Kiswahili chake kilikuwa bado cha kubabaisha, na kadhi ndiye aliyekuwa mwalimu wake.

Jina la mgeni lilikuwa Johann Ludwig Krapf. Wanafunzi wa historia wanamjua kama Mzungu aliyeuona Mlima Kenya mwaka 1849, na wakazi wa Nyali, Kisauni na Rabai wanamjua kwa mnara na makumbusho yenye jina lake. Ni wachache wanaomkumbuka kwa jambo alilokabiliana nalo mbele ya kadhi: lugha ambayo haimlazimishi msemaji kutaja kama anayezungumziwa ni mwanamume au mwanamke.

Jambo hilo, ambalo kwa muda mrefu lilionekana kuwa la wanasarufi pekee, sasa limekuwa la watu. Katika miaka ya karibuni kumesikika sauti za watu wanaosema kwamba hawana jinsia: hawajioni kuwa wanaume, hawajioni kuwa wanawake, wala hawajioni kuwa mchanganyiko wa wawili hao. Wapo wanaoliona suala hilo kuwa mzigo ulioshushwa bandarini jana. Wapo wanaolitetea kwa istilahi za Kiingereza tupu. Pande zote mbili hazijapata nafasi ya kukiuliza Kiswahili chenyewe kinasemaje, na ndiyo maana maisha ya Krapf yanastahili kusomwa upya.

Alizaliwa Januari 11, 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, kusini magharibi mwa Ujerumani. Babake alikuwa mkulima. Akiwa na umri wa miaka 11 alipigwa na jirani kwa kosa ambalo hakulitenda, akaugua kwa karibu nusu mwaka, na katika kitanda hicho cha ugonjwa akaizoea Biblia kuliko vitabu vyote. Alipopona alipelekwa katika shule ya Kilatini mjini Tübingen, na huko kipaji chake cha lugha kikajitokeza wazi.

Mwaka 1827 aliingia chuo cha wamishenari mjini Basel, Uswisi. Baadaye alikiacha, akasoma theolojia katika Chuo Kikuu cha Tübingen na kuhudumu kanisani kwa muda mfupi, kisha wito wa kwenda ng'ambo ukamrudia. Shirika la wamishenari la Kianglikana la CMS lilimpokea, na mwaka 1837 akaelekea Ethiopia.

Huko alijifunza Kigeezi, ambayo ni lugha ya kale ya kanisa la Ethiopia, pamoja na Kiamhari na Kioromo. Alikaa katika ufalme wa Shewa, akaandika sarufi ya Kioromo iliyochapishwa mwaka 1840, na kutafsiri sehemu za Injili kwa lugha hiyo. Ndoto yake yote ilikuwa kuwafikia Waoromo. Mombasa haikuwemo katika mipango yake.

Hapa yafaa kutua kidogo. Krapf alikulia katika Kijerumani, akasoma Kilatini, Kigiriki na Kiebrania, akajua Kiarabu, akaongeza hizo lugha tatu za Ethiopia, na ripoti zake kwa wakuu wake wa London aliziandika kwa Kiingereza. Katika kila mojawapo ya lugha hizo, huwezi kusema habari za mtu wa tatu kwa urefu bila kufichua kama ni mume au mke. Kiarabu na Kiamhari huenda mbali zaidi: hata yule unayemtazama usoni hubadilishiwa neno kulingana na jinsi yake.

Kijerumani ndicho kilichopita mipaka. Katika lugha hiyo kila nomino ina jinsi, hata vyombo vya mezani. Kijiko ni cha kiume, uma ni wa kike, na kisu hakina upande. Jua ni la kike na mwezi ni wa kiume. La ajabu zaidi ni kwamba neno la msichana halimo upande wa kike. Limewekwa pamoja na kisu, katika kundi la visivyo na upande. Hali ni hiyo hiyo kwa neno la kale la mwanamke, lile alilolitumia Martin Luther katika Biblia ambayo Krapf aliisoma tangu utotoni.

Kwa hiyo Mjerumani huyo hakuwa mgeni wa fikra kwamba jinsi ya neno na jinsi ya mtu ni vitu viwili tofauti. Lugha yake ilimfundisha hivyo tangu alipoanza kutamka. Jambo ambalo hakuwa amelizoea ni lugha isiyouliza swali hilo kabisa.

Wamishenari walipofungiwa milango ya Shewa, Krapf alikwenda Misri, na huko mwaka 1842 akafunga ndoa na Rosine Dietrich, aliyetoka Uswisi kuja kuolewa naye. Walijaribu kurudi Ethiopia bila mafanikio. Njiani, katika nchi kame karibu na pwani ya Bahari ya Shamu, Rosine alijifungua kabla ya wakati, na mtoto hakuishi. Krapf akaamua kuzunguka kwa baharini na kuwatafuta Waoromo kutoka kusini.

Januari 1844 aliwasili Unguja. Sultani Seyyid Said alimpokea vizuri na kumpa barua ya kumtambulisha kwa magavana wake wa mwambao. Mwezi Mei, Krapf na mkewe mja mzito walihamia Mombasa.

Ndipo alipoketi na kadhi. Sura tatu za kwanza za tafsiri yao zilichapishwa Marekani mwaka 1847, katika jarida la wataalamu wa lugha za Mashariki. Ni miongoni mwa maandishi ya mwanzo kabisa ya Kiswahili kupigwa chapa, na sura hizo tatu ni zile zinazosimulia jinsi binadamu alivyoumbwa, jinsi alivyopata kuwa mume na mke, na jinsi wawili hao walivyofukuzwa bustanini.

Sura ya kwanza ina mstari unaojulikana na waumini wa dini kadhaa, unaosema kwamba Mungu alimuumba mtu kwa mfano wake, mume na mke. Kwa Kiebrania mstari huo unaanza na mmoja na kumalizika na wengi, na huyo mmoja ametajwa kwa kiwakilishi cha kiume. Wanazuoni wa Kiyahudi na wa Kikristo wamebishana juu yake kwa karne nyingi. Je, aliyeumbwa kwanza alikuwa mwanamume, au alikuwa mtu tu, kabla ya kugawanywa?

Kwa Kiswahili ubishi huo hupoteza nusu ya nguvu zake. Kiambishi kinachomsimamia aliyeumbwa ni kile kile ambacho kingemsimamia bibi, babu, kijana au kichanga. Mtu ni mtu. Na aliyeumba naye hubeba kiambishi cha aina hiyo hiyo, kisichokuwa na uume wala uke. Kadhi, aliyesoma kwa Kiarabu kwamba Mwenyezi Mungu hakuzaa wala hakuzaliwa ilhali kiwakilishi cha Kiarabu ni cha kiume, bila shaka hakuona ajabu yoyote katika Kiswahili chake. Kilikuwa kikiisema itikadi hiyo bila kuhitaji maelezo ya pembeni.

Sura ya pili ina mtego mwingine. Kwa Kiebrania neno la mwanamke husikika kama limechongwa kutoka kwa neno la mwanamume, na msimulizi anaieleza sababu: ametwaliwa kutoka kwake. Luther aliokoa mchezo huo wa sauti kwa kulichukua neno la mwanamume na kulibandika mwisho wa kike. Kiswahili hakina njia hiyo. Mwanamume na mwanamke wote wawili wamejengwa juu ya neno mwana, na mwana hana jinsi. Katika mpangilio wa maneno haya, hakuna anayetoka kwa mwenzake. Wote wawili wametoka kwa mwana.

Kazi hiyo ilikuwa na umri wa mwezi mmoja hivi wakati nyumba ya mtafsiri ilipoingiwa na msiba. Julai 6, Rosine alijifungua mtoto wa kike. Homa ya mwambao ikawashika mama na baba pamoja. Krapf alikuwa mgonjwa mno hata hakuweza kumuuguza mkewe inavyopasa. Rosine alifariki katikati ya mwezi huo, na mtoto akamfuata siku chache baadaye.

Rosine alikuwa ameomba azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa, mahali ambapo wapita njia wangeliona kaburi lake. Walizikwa upande wa Kisauni, katika eneo ambalo sasa ni Mkomani, Nyali, na mnara wa kumbukumbu ya Krapf umesimama huko. Krapf aliwaandikia wakuu wake kwamba kaburi hilo ni dalili ya kazi iliyoanza, si ya kazi iliyokwisha. Wengi wameyasifu maneno hayo kwa ushujaa wake. Lakini yaliandikwa na mtu wa miaka 34 aliyekuwa amewazika watoto wawili na mke katika muda wa takriban mwaka mmoja na miezi, na ushujaa haumalizi habari yote.

Alirudi kwenye tafsiri. Miaka miwili baadaye, Johannes Rebmann, Mjerumani mwenzake kutoka jirani ya kwao, alijiunga naye, na Agosti 1846 wakahamia Rabai, miongoni mwa Mijikenda, safari ya mashua kupitia kijito cha bahari na kisha kupanda mlima. Huko Krapf aliongeza lugha za Mijikenda kwenye daftari zake, kisha akaongeza Kikamba. Zote zilikuwa ndugu wa Kiswahili katika jambo hilo moja: ziligawa ulimwengu wote kwa ngeli, na hakuna ngeli ya wanaume wala ya wanawake.

Safari za wawili hao zimesimuliwa mno. Rebmann aliuona Mlima Kilimanjaro Mei 1848. Krapf akauona Mlima Kenya Desemba 3, 1849 akiwa Ukambani. Mabingwa wa Ulaya waliokaa vitini waliwacheka kwa kudai kuna theluji karibu na ikweta. Mabingwa hao walikuwa wamekosea.

Jambo lililochekwa kidogo na kukumbukwa kidogo zaidi ni kitabu kilichotoka Tübingen mwaka 1850, sarufi ya kwanza ya Kiswahili kuchapishwa. Ndani yake Krapf alikuwa akijaribu kuwaeleza wasomi wa Ulaya mfumo ambao macho yao hayakuwa na mahali pa kuuweka. Mti huenda na miti, kiti na viti, mtu na watu. Kinachoulizwa na Kiswahili kabla ya mengine ni kama kitu kina uhai au hakina. Ng'ombe, mbu, kadhi na mtumwa wote husimamiwa na kiambishi kimoja.

Maneno yenyewe yana historia ya kupendeza. Neno ngeli wanaisimu wa Kiswahili walilichukua kutoka Kihaya, ambamo maana yake ni aina. Neno jinsi na ndugu yake jinsia yametoka katika Kiarabu, ambacho nacho kilikopa kutoka Kigiriki, na huko pia maana yake ni aina. Waingereza walilipata neno lao la jinsia kutoka Kilatini, na maana ya asili ni hiyo hiyo. Kwa karne nyingi neno hilo la Kiingereza lilitumika zaidi kwa sarufi kuliko kwa watu. Mwaka 1955 mwanasaikolojia John Money ndipo alipolitumia katika maandishi ya tiba kueleza nafasi ambayo mtu huichukua kama mwanamume au mwanamke, tofauti na mwili wake. Tangu hapo neno la wanasarufi likahamia hospitalini, kisha mahakamani, kisha majumbani.

Mwaka mmoja tu baada ya sarufi ya Krapf, kijana Mjerumani Wilhelm Bleek alipata shahada ya udaktari mjini Bonn kwa tasnifu iliyohusu jinsi za nomino katika lugha za Afrika. Ni yeye aliyekuja kulieneza katika taaluma jina Bantu, ambalo maana yake ni watu. Lakini Bleek alitoka na hukumu isiyopendeza. Alidhani kwamba lugha zinazotofautisha kiume na kike huwapa wasemaji wake mawazo mapana ya kishairi na ya kisayansi, na kwamba zile zisizotofautisha huwanyima. Hukumu hiyo haikusimama. Mtu aliyeshika tenzi za Pate na Lamu mkononi hangeweza kuiamini, na Krapf alizishika: mwaka 1854 nyaraka za tenzi alizozikusanya zilifika katika maktaba ya jumuiya ya wataalamu wa Mashariki mjini Halle, Ujerumani, ukiwemo utenzi wa Herekali.

Hata hivyo, kosa la upande wa pili nalo lipo, na siku hizi ndilo linalopendwa zaidi. Ni kudai kwamba kwa kuwa lugha haina jinsi, jamii nayo haikuwa nayo. Mombasa ya mwaka 1844 iliwatenga wanaume na wanawake msikitini, barazani, katika mavazi na katika urithi. Kiswahili chenyewe kina pembe zake. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Kitenzi kimoja, mmoja mtendaji na mwingine mtendwa. Mkono wa kulia umeitwa wa kuume, na wa kushoto umeitwa wa kike, na kila mtoto wa pwani anajua ni upi unaotumiwa kula. Lugha isiyouliza jinsi katika kiambishi inaweza kuiuliza kwa sauti ya juu mahali pengine.

Wala si kweli kwamba wazee wa pwani walidhani watu wote huangukia pande mbili bila matatizo. Kadhi aliyemsaidia Krapf alikuwa mtu wa sheria, na fikihi ya Kishafii inayofuatwa mwambao ina mlango wa huntha, mtu ambaye maumbile yake hayaonyeshi waziwazi kama ni mume au mke. Wanazuoni wa kale walijadili asimame safu ipi katika swala, na jibu lao lilikuwa kati ya safu za wanaume na za wanawake. Walijadili arithi nini, na jibu likawa apewe fungu lisilo na shaka, na salio lisubiri hadi hali yake ibainike. Hawakuujua ufumbuzi wa kila kesi, lakini walikubali kwamba kesi ipo.

Mlango huo lakini ni wa mwili. Mtu anayesema leo kwamba hana jinsia si lazima awe huntha. Mwili wake unaweza kuwa wa kawaida kabisa kwa macho ya mkunga. Analozungumzia ni nafsi, kwamba akijitafuta ndani hamkuti mwanamume wala mwanamke. Kuyachanganya mambo haya mawili kumewaumiza wote, na magazeti yamekuwa miongoni mwa wakosaji.

Madai ya namna hiyo hayakuanzia kwenye simu za vijana. Mwaka 1776, katika jimbo la Rhode Island, Marekani, mtu mmoja mwenye umri wa miaka 23, aliyelelewa kama msichana katika familia ya madhehebu ya Waquaker, aliugua homa kali. Alipoinuka kitandani alitangaza kwamba yule wa zamani amekufa na kwamba mwili huo sasa umekaliwa na roho isiyo mume wala mke. Alilikataa jina la utotoni, akataka aitwe Rafiki wa Wote, akavaa majoho ya kama kasisi, akahubiri kwa zaidi ya miaka 40, akafuatwa na mamia ya watu, na kufariki mwaka 1819. Wafuasi wake walijitahidi kuyakwepa maneno ya Kiingereza ya kiume na ya kike walipomtaja, na wanahistoria wanaomwandika wangali wanahangaika nayo.

Msomaji aliyefika hapa ameshayasoma maisha hayo yote kwa Kiswahili bila kuhangaika hata mara moja.

Ndiyo maana tafsiri za habari za siku hizi zinastaajabisha. Waingereza na Wamarekani, kwa kukosa kiwakilishi kisicho na jinsi, wameazima kile cha wingi na kukitumia kwa mtu mmoja, na kamusi ya Merriam-Webster ilikifanya neno la mwaka 2019. Wasweden walianzisha kiwakilishi kipya kilichoingia katika kamusi yao kuu mwaka 2015. Hapa kwetu, mfasiri anayelipokea neno hilo la Kiingereza huandika wao, kana kwamba mtu huyo amekuwa kundi, na msomaji wa Likoni au Changamwe anacheka au anakasirika. Neno yeye lilikuwepo, likitosha, tangu kabla ya Krapf kushuka melini. Ugeni ambao msomaji anauona umeingizwa na tafsiri.

Walimu wa Kiingereza wa mwambao wanaujua upande wa pili wa jambo hili. Kila mwaka hutia wino mwekundu kwenye insha ambamo mama amegeuzwa mwanamume na baba mwanamke, kwa kuwa mtoto aliyekulia katika Kiswahili hakuzoea kuyachagua maneno hayo.

Pasipoweza kuponyeka kwa kiambishi ni kwenye fomu. Karatasi ya serikali huuliza Me au Ke, na hapo lugha haimsaidii mtu. Nchini Kenya mlango uliofunguliwa hadi sasa ni ule wa mwili. Desemba 2014 Mahakama Kuu jijini Nairobi ilitoa uamuzi kuhusu mtoto aliyezaliwa na maumbile yasiyobainika, ikaitaka serikali itafute utaratibu wa kisheria kwa watu wa namna hiyo. Sensa ya mwaka 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza, wakapatikana 1,524. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 ikawataja watoto hao na haki zao. Wasiokuwa na jinsia nafsini hawamo katika hesabu hiyo. Nchini Marekani, mahakama moja ya jimbo la Oregon ilimkubalia mtu mmoja mwaka 2017 aandikwe kuwa hana jinsia. Ujerumani ya Krapf, yenye vijiko vya kiume na nyuma za kike, iliweka katika daftari za uzazi nafasi ya tatu mnamo Desemba 2018, ingawa ilikusudiwa kwanza kwa wale wa maumbile.

Krapf mwenyewe hangeyakubali mengi ya haya. Alikuwa Mlutheri wa imani kali, aliyeichukua sura ya kwanza ya Mwanzo neno kwa neno, na kumfanya mtetezi wa jambo ambalo hakulijua kungekuwa kumdhulumu. Alichofanya ni kitu kidogo zaidi na cha kudumu zaidi: aliketi mbele ya mwenye lugha, akaandika alichokisikia, hata pale kilipopingana na kila sarufi aliyokuwa amebeba kichwani.

Afya ilimshinda, na mwaka 1853 akarejea Ulaya. Alikaa Korntal, karibu na Stuttgart, akachapisha kitabu cha safari zake mwaka 1858, akaoa tena. Mwaka 1862 alirudi Mombasa kwa muda mfupi kuwasaidia wamishenari wa Kimethodisti kuanzisha kituo Ribe. Miaka mitano baadaye aliitwa kuwa mkalimani wa jeshi la Uingereza lililoelekea Ethiopia, na akalazimika kurudi tena kwa ugonjwa.

Miaka yake ya mwisho ilimezwa na kamusi. Krapf alishikilia kwamba Kiswahili safi ni cha Mombasa, akibishana na wale waliokipendelea cha Unguja. Ubishi huo aliushindwa baada ya kufa: mkutano uliofanyika mwaka 1928, tena Mombasa kwenyewe, ulichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Maneno ya Kimvita ambayo yangepotea yamo katika kamusi yake.

Rebmann alirudi Korntal akiwa kipofu, akafariki mwaka 1876. Krapf alimfuata Novemba 26, 1881. Alikutwa asubuhi amepiga magoti kando ya kitanda chake, amekwisha kufa. Kamusi ilitoka London mwaka uliofuata.